Gari Lisilo na Ukuta

Kasian Kalinga alilifikisha lile gari Igawa Jumamosi asubuhi, akalisimamisha mbele ya mashine ya mpunga ya Mzee Asukile, mahali ambapo kila mpita njia angeliona. Lilikuwa gari la familia, modeli mpya ya mwaka ule, rangi ya krimu, na viti vyake bado vimevaa nailoni za kiwandani. Jina la gari silitaji, maana sina kesi na waliolitengeneza. Kesi yangu ni na watu.

Mimi naitwa Verediana, lakini pale Igawa wengi waliniita Mama Matilda. Ni Mbena, mjane, na mwaka huo wa 1973 nilikuwa nauza chai na vitumbua kwenye kibanda kilichopakana na ile mashine. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa imepata lami juzi juzi tu, na kila mwenye chochote mfukoni alikuwa anaota gari. Ndiyo maana duka la magari la Mbeya lilimtuma Kasian atembee na hilo moja mpaka Iringa, akisimama kila penye watu wenye uwezo, ili walione, walishike, kisha waagize la kwao. Kijana wa Kihehe, suruali ya pasi, mdomo mtamu. Nilimpenda tangu alipokunywa chai yangu ya kwanza, na mpaka leo sijui nimfanyeje.

Alifungua milango yote, akaanza.

"Modeli ya zamani mnaikumbuka, wazee wangu. Ilikuwa na ukuta wa bati nyuma ya dereva. Baba mbele, familia nyuma, wanaingilia mlango wa nyuma kama mbuzi. Wateja wamelalamika sana. Hii mpya, ukuta umetolewa! Familia nzima chumba kimoja, mnaongea, mnacheka. Na hivi viti vya kati vinalala." Akavuta kitasa, kiti kikalala chali. "Mtu akichoka unamlaza kama kitandani."

Shigela, Msukuma mwenye ng'ombe wasiohesabika huko bondeni Usangu, alilizunguka gari pole pole, akainama kutazama chini ya tumbo lake, akaligonga ubavuni kwa fimbo. Kasian akaihofia rangi ya gari, lakini akavumilia.

"Inakunywa mara ngapi hii?" Shigela aliuliza.

"Inategemea safari, mzee."

"Ng'ombe wangu anakunywa mara moja kwa siku, na hanidai."

Watu wakacheka, Kasian naye akacheka, mfanyabiashara yule. Mzee Asukile peke yake hakucheka. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya gari, anapapasa mahali ambapo ukuta ungekuwepo.

"Mmeutoa wote?"

"Wote, mzee."

"Sasa mkwe wangu atapanda wapi?"

Shigela na Wasukuma wenzake wakaangua kicheko tena. Sisi tuliokaa na Wanyakyusa kama Asukile hatukucheka. Kwao, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Hawatazamani, hawasemezani, hawapishani njiani, hawakai chini ya paa moja. Mzee akikohoa mlangoni, mkwe ameshazunguka nyuma ya nyumba. Tusajigwe, mke wa Sedekia mwana wa Asukile, nilimwona kwa macho yangu akijilaza ndani ya shamba la mpunga, kwenye maji na tope, ili baba mkwe wake apite. Mchungaji alishawahubiria waache, na Asukile mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Alimjibu kwamba madhabahu ni ya mchungaji, lakini uani ni kwake.

Siwacheki. Sisi Wabena nasi tuna yetu. Tena niseme la haki: Asukile alimpenda yule binti. Samaki akiletwa kutoka mtoni, kipande cha kwanza alisema, "Mpelekeeni wa kule nyuma." Jina lake hakulitamka, lakini kipande kilikwenda. Hata hilo gari alilitaka kwa ajili yake, asisukumwe kwenye mabasi na tumbo lake. Modeli ya zamani ingemfaa kabisa: yeye mbele, mkwe nyuma, bati katikati. Naye Kasian alikuwa amemletea mpya.

Tumbo lenyewe lilikuwa la pili. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu Tosamaganga, hospitali ya misheni karibu na Iringa, na masista walimwambia Tusajigwe maneno aliyonisimulia mara nyingi: ukishika mimba tena usithubutu kuzalia nyumbani, kovu litapasuka, njoo mapema ukae hapa hapa. Sedekia alikuwa kwenye ujenzi wa reli, Mlimba. Walikubaliana arudi wiki ile inayokuja ampeleke. Mtoto hakuwangoja.

Asubuhi ile ile nilikwenda nyuma ya nyumba yao kuchota maji nikamkuta Tusajigwe ameshikilia nguzo ya ghala, jasho linamtiririka.

"Mama Matilda," aliniambia, "kovu linauma. Si tumbo. Ni kovu."

Basi la Iringa lilikuwa limeshapita alfajiri. Malori yaliyosimama pale barabarani yote yalielekeza pua Zambia. Gari lililokuwa linakwenda Iringa lilikuwa moja tu, na lilikuwa limezungukwa na wanaume wanaolipapasa. Nikakimbia.

"Kasian! Kuna mzazi anakufa. Unakwenda Iringa, mpeleke Tosamaganga."

Uso ulimbadilika. Hakuwa mtu mbaya. "Mama yangu, gari la maonyesho halibebi abiria. Mwezi uliopita nimebebea ndugu zangu magunia mawili ya mahindi, bosi ameniandikia onyo la mwisho. Ruhusa ni mnunuzi tu, akiwa analijaribu, yeye na watu wake. Lazima mnunuzi awemo garini." Kisha akachangamka. "Lakini si ni mkwe wa mzee? Basi rahisi! Mzee Asukile si ndiye mnunuzi? Apande, tunalijaribu mpaka Iringa, nawafikisha mlangoni."

Wote tukamgeukia Asukile.

"Mimi na yeye?" alisema. "Ndani ya hii? Hapana fijo, hapana kabisa. Mwanamke atakufa kwa aibu."

"Kovu litamwua kwanza," nilimwambia.

"Basi ampeleke bila mimi."

"Siwezi, mzee. Nisimamishwe njiani na mkaguzi wetu, nimwambie nimempakia nani?"

Hapo Shigela akapiga fimbo yake chini. "Ah! Mi nanunua hii gari. Leo. Mi ndo mnunuzi, mi napanda. Yule mama si mkwe wangu, hata akipiga kelele mpaka Iringa mi nitasikiliza tu."

Namwombea Shigela heri popote alipo. Jambo lilikuwa limekwisha pale. Ilibaki kumbeba Tusajigwe na kumpakia. Lakini nilimtazama Asukile usoni nikaona limemchoma. Mashine ni yake, uwanja ni wake, mkwe ni wake, halafu mgeni mwenye fimbo ya kuchungia asimame mbele ya watu ampakie mke wa mwanawe.

"Mwanangu akirudi nimwambie nini?" alisema. "Kwamba nilikuwepo, na mkewe akapelekwa hospitali na mfugaji? Watu watasema Asukile ameshindwa na nyumba yake."

"Mzee, mwache Shigela apande," nilisema. Nilisema kwa sauti, wote wakasikia.

"Nitapanda mimi. Tundikeni shuka."

Kasian alifurahi kupita kiasi. Mteja wake wa kweli ndiye huyo. Wakatundika shuka nyuma ya viti vya mbele, pembe zake wakazibana kwenye vioo vya milango. Asukile akakaa mbele akiangalia barabara, kichwa hakigeuki. Ndipo tukamleta Tusajigwe, amejifunika kanga gubigubi, nikaingia naye kwa nyuma.

Nikavuta kile kitasa, kiti cha kati kikalala. Tusajigwe alikitazama. Angelala pale, kichwa chake kingekuwa karibu na mgongo wa baba mkwe, shuka tu katikati, hata pumzi yake mzee angeisikia. Akatikisa kichwa. Akapanda kiti cha mwisho kabisa, akajikunja pale, magoti kifuani, tumbo lile lote. Gari lilipoondoka alichukua pindo la kanga akalisokomeza mdomoni.

"Tusa, mficha uchi hazai," nilimnong'oneza. "Lia, mwanangu. Piga kelele."

Alitikisa kichwa tena. Uchungu ulipomjia aliniminya mkono mpaka mifupa ikaniuma, na sauti ikaishia kwenye kitambaa. Kule mbele Kasian alikuwa anamweleza Asukile jinsi gari linavyopanda mlima bila kulalamika. Asukile aliitikia, "Mh. Mh." Sikuwahi kuchukia mazungumzo ya watu namna ile.

Makambako nilipiga kelele wasimame. Nilitaka alale, na nilijua hatalala mzee akiwemo. Asukile aliteremka mara moja, simnyimi hilo, akaenda mbali nyuma ya maduka, kama inavyompasa mtu mwenye adabu. Alipotoweka tu, Tusajigwe akakubali kulala. Akautoa ule mpira wa kanga mdomoni, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, ya mtu aliyeitunza tangu Igawa, na mimi nilishukuru Mungu kuisikia.

"Kasian, washa gari," nilisema. "Mwache mzee. Hapa wamejaa Wanyakyusa wenzake, watamlisha, watamlaza. Twende."

Mikono yake ilikuwa kwenye usukani. Aligeuka akachungulia pembeni mwa shuka kumtazama Tusajigwe, akatazama maduka.

"Mama, mnunuzi awemo garini."

Nilimtukana kwa Kibena matusi yote niliyolelewa nayo, na yeye Mhehe aliyaelewa yote. Hakuwasha. Tukamngoja mzee. Huko alikokwenda alikutana na mtu wa kwao, wakasalimiana, na salamu za Kinyakyusa hazina haraka. Nilitaka nishuke nikamburute kwa koti.

Kisha tukasikia kikohozi chake, anarudi, anapiga hodi kwa mbali. Tusajigwe alinyanyuka. Nilimshika nguo, akaniponyoka. Alitambaa mwenyewe, kwa magoti na mikono, akarudi kile kiti cha nyuma, akajikunja, akarudisha kanga mdomoni. Ndipo baba mkwe wake akafungua mlango, akakaa.

Tulipita Mafinga, tukaingia baridi ya msitu wa misonobari. Hapo uchungu ukakatika ghafla. Mkono wake uliokuwa umeniminya ukaachia.

"Imeacha," alinong'ona.

Nimezaa, nimezalisha. Uchungu hauachi hivyo kabla mtoto hajatoka. Nilimwekea mkono tumboni, tumbo lilikuwa limebadilika umbo, mtoto namgusa kwa juu kama yuko chini ya ngozi tu. Uso wake ukawa wa majivu, na midomo ilikuwa baridi.

"Kasian, kimbiza! Kimbiza hilo gari lako!"

Kasian akakanyaga mafuta. Asukile akasema, akikiambia kile kioo cha mbele, "Amepata nafuu? Nasikia ametulia. Mwanamke ana adabu fijo huyu."

Nilifunua nguo ya Tusajigwe nitazame.

Damu ilikuwa imeanza kutoka. Nailoni ile ya kiwandani haikunyonya hata tone. Ilijaa juu ya kiti, ikamwagika sakafuni, na tulipoanza kushuka mteremko ikakimbilia mbele, ikapita chini ya shuka. Nilisikia Kasian akisema, "Mungu wangu." Asukile alikuwa ametazama chini, kwenye kiatu chake.

"Simama," alisema.

Kasian akasimama. Palikuwa porini, hakuna nyumba, misonobari kulia na kushoto. Asukile akafungua mlango, akateremka, akatugeuzia mgongo.

"Mlazeni," alisema. "Niacheni hapa."

"Mzee, lakini bosi..."

"Gari nimelinunua. Nenda!"

Kumbe kuteremka ni kufungua mlango tu. Kumbe maneno yenyewe yalikuwa hayo, na Kasian hakuuliza zaidi, akatia gia tukaondoka. Yangeweza kusemwa Igawa, mbele ya mashine, jua bado asubuhi. Yangeweza kusemwa Makambako. Hasira iliyonipanda pale haijashuka mpaka leo, na sijawahi kuiomba ishuke.

Niliing'oa ile shuka. Nikamlaza Tusajigwe kwenye kiti cha kati, safari hii hakukataa, hakuwa na nguvu ya kukataa. Nikamtoa kanga mdomoni. Nikamwekea kichwa mapajani.

"Ameteremka?" aliniuliza.

"Ameteremka, mwanangu. Tuko wenyewe. Lia sasa."

"Ndaga," alisema. Ni asante, kwa kwao.

Hakulia. Alikata roho kabla hatujaiona njia ya kuingilia Tosamaganga. Kasian aliendelea kukimbiza gari kwa sababu sikumwambia, na sikumwambia kwa sababu ningesema, ingekuwa kweli.

Masista walimpokea mbio, wakamwingiza, wakafanya yote yanayofanywa. Sista mmoja akatoka akanishika bega. Mtoto naye alikuwa amekufa. Wa kiume. Nje, Kasian alikuwa ameomba ndoo, anafuta nailoni huku analia, anafuta, anasuuza kitambaa, anafuta. Nilimpita bila kumsemesha. Angetaka kusamehewa, na mimi sikuwa na cha kumpa.

Asukile alifika jua linazama, juu ya lori la mbao, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuuliza. Aliniona nimekaa kwenye ngazi akajua. Niliinuka nikamweleza vile vile. Nilimweleza kwamba Tusajigwe alikuwa akimngoja wakati yeye anasalimiana Makambako. Nilimweleza kwamba alitambaa. Nilimweleza kwamba neno lake la mwisho lilikuwa la kushukuru kwa kuwa baba mkwe wake ameteremka.

Alikaa chini kwenye mchanga, mzee wa kanisa, mwenye mashine, akalia kama mtoto. "Nilimpenda yule," alisema. "Kuliko hata wa tumbo langu."

"Najua," nilisema. "Naye alikuheshimu. Mmemalizana vizuri."

Lilikuwa neno baya, na nililitaka liwe baya. Alilipokea. Wagonjwa walipita, kengele ya kanisa ikalia huko juu. Kisha akanigeukia.

"Mama Matilda. Alikuwa na sura gani?"

Kwanza sikumwelewa.

"Miaka yote hii nimeona mgongo tu," alisema, "na visigino, akikimbia. Hata posa walikwenda ndugu zangu. Sura yake sijawahi kuiona. Nieleze alivyokuwa."

Ningeweza kumweleza. Alikuwa na mwanya, na doa jeusi chini ya jicho, na akicheka alifumba jicho moja kwanza. Sikumweleza.

"Mlango ule pale, mzee," nilisema. "Nenda kamtazame mwenyewe. Leo hatakukimbia."

Alisimama. Akajifuta uso, akavua kofia, akatembea mpaka kwenye mlango ule. Ulikuwa wazi. Tusajigwe alikuwa amelazwa juu ya kitanda, uso juu, na sista alikuwa upande wa pili anakunjua shuka nyeupe. Asukile alifika kizingitini, akainamisha macho akatazama sakafu. Akabaki hivyo, kofia mkononi, mpaka sista alipomaliza kumfunika uso. Ndipo akaingia.